Kabla ya kuuliza bei ya mashua, uliza maji

Likizo ikikaribia, simu yangu haitulii. "Kaka, mashua ya watu kumi na wawili kwenda Takwa Jumamosi, utatutoza ngapi?" Bei naitaja, lakini swali ninalolingojea kwa kawaida haliji: Jumamosi hiyo maji yanajaa saa ngapi? Watu hupanga mandari kama wanavyopanga safari ya basi la Mombasa. Siku huchaguliwa kwa sababu ofisi zimefungwa, saa huchaguliwa kwa sababu pilau itakuwa imeiva. Hapa Lamu siku hutolewa na mwezi, na saa hutolewa na maji. Anayelijua hilo amejiepusha na hatari nyingi kabla hata hajashuka gatini.

Mimi ni mtoto wa Langoni, mtaa wa hapa mjini Lamu. Ubaharia nimefunzwa na ami yangu, na jambo la kwanza alilonifunza halikuwa tanga wala usukani, bali kuhesabu mwezi. Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, yaani mwezi mosi na mwezi kumi na tano (siku ya kwanza na ya kumi na tano tangu mwezi uandame, si miezi ya kalenda) pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Siku hizo kwetu maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo ukifika mwezi saba au nane, kujaa kumesogea hadi saa tatu au saa nne asubuhi, nayo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

Sasa chukua Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda. Unaingia kwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko ya Manda, na njia hiyo hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Ukiamua kwenda siku ya bamvua, ukaondoka saa tatu asubuhi kwa raha zako, utakuta tope. Nimeona akina mama wakishuka na masufuria kichwani, tope likiwafika magotini, watoto wanalia, mtu kakatwa mguu na chaza. Ukienda mwezi kumi hadi kumi na mbili, au ishirini na tano hadi ishirini na saba, maji hujaa karibu na adhuhuri. Unaondoka saa nne, unaingia maji yakiwa bado yanapanda, unaona msikiti na kaburi la mnara lenye tarehe ya mwaka 1094 wa Hijria, mnakula, na ikifika saa nane mnatoka. Nahodha akisema "tutoke sasa", tokeni. Hana haraka ya kurudi nyumbani. Anaangalia mizizi ya mikoko inavyoanza kuonekana. (Watu wa Shela, ambao wazee wao walihama Takwa, wamekuwa wakienda kwenye kaburi lile kuomba dua ya mvua. Ukiwakuta, wape nafasi yao, na muziki uzimwe.)

Baada ya maji ni upepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na mara nyingi asubuhi huwa tulivu kisha mchana ukapanda, kwa hiyo safari ya kaskazi ni ya kuanza mapema. Kusi huanza Aprili na hufika nguvu zake Juni, Julai na Agosti. Hapo ndipo lipo tatizo, kwa sababu Agosti ni likizo na watu wote wanataka bahari. Kati ya misimu hiyo, mnamo Oktoba na Novemba, huja matlai, bahari hutulia na maji huwa maangavu hadi unaona samaki chini. Mtu akiniuliza mwezi gani alete familia yake kupiga mbizi kwenye kisiwa kidogo cha Manda Toto, namwambia matlai, ila awe na habari ya mvua za vuli, nitakuja kuzieleza.

Wakati wa kusi pana mahali pamoja ambapo hata mabaharia wakubwa hupaheshimu, nao ni mlango wa Shela, baina ya Shela na Ras Kitau. Upepo unatoka baharini unaingia ndani. Maji yakipwa, mkondo unatoka ndani unakwenda nje. Vikikutana mlangoni, mawimbi husimama wima na hufuatana karibu karibu, na mashua haipati nafasi ya kuinuka kutoka wimbi moja kabla ya la pili. Mahali pale pale, saa tatu baadaye maji yakianza kujaa, upepo na mkondo huwa vinakwenda njia moja na mawimbi hulala. Mgeni aliyesimama nchi kavu anaona bahari moja, upepo mmoja. Kwa hiyo ukiambiwa mngoje saa mbili kabla ya kutoka, ngojeni.

Ningependa sana tulielewe jambo hili la kungoja. Mwaka mmoja, Julai, tulipakia watu wa harusi waliokuwa wanakwenda Siyu, kisiwani Pate. Tulipita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, vizuri, maji yakiwa juu, lakini tulipochungulia ghuba baina ya Manda na Pate, bahari ilikuwa nyeupe yote. Ami akageuza mashua. Mama mmoja, mkubwa wa msafara, akasema, "Mwanangu nahodha, watu wamechinja, wanatungoja." Ami akamjibu kwa adabu kamili: "Mama, najua wamechinja. Leo sivuki. Kesho kwa maji ya alfajiri, inshallah. Anayeona nimemcheleweshea, nauli yake hii hapa." Na akazitoa pesa kweli, akaziweka juu ya kiti. Hakuna aliyezichukua. Kesho yake tukavuka, tukafika Mtangawanda, gati la Pate, nguo zetu kavu.

Kisa hiki nimekileta kwa sababu shinikizo juu ya manahodha limekuwa kubwa. Nahodha kijana, mwenye deni la mashine ya boti, akizungukwa na watu kumi na watano wanaosema "si tumelipa?", ni vigumu kwake kukataa. Wewe abiria una nguvu ya kumrahisishia. Mwambie tangu siku ya kulipa: ukiona hali mbaya, tutaahirisha, na pesa yako ya mafuta hatutaidai. Neno hilo moja huokoa watu kuliko vifaa vingi. Na ukiona nahodha ambaye haangalii mbingu kabla ya kufungua kamba, au amekutafunia miraa usiku kucha, shuka.

Nikija kwenye vifaa, nitakaa kwenye jaketi okozi kwa sababu ndilo linalochukuliwa kijuujuu. Kila mtu na lake, na livaliwe, lisikaliwe. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto: akitumbukia, jaketi huelea na mtoto huchomoka kwa chini. Jaribio ni rahisi, lifanyeni gatini. Mvishe mtoto, funga vifungo vyote na mkanda unaopita katikati ya miguu, kisha mshike jaketi mabegani umvute juu. Likipanda hadi likafika masikioni, si lake. Kama mkanda wa miguuni haupo, kata kamba laini, pitisha, funga. Na kina mama zangu na dada zangu, jaketi lije juu ya buibui, si chini yake. Buibui likilowa huwa zito na huzonga miguu. Ukiwa ndani ya mashua ya wazi kwenye mawimbi, vaa gauni jepesi chini ya buibui ili ikibidi uweze kulivua buibui bila kusitasita. Ushungi mrefu wenye pini nyingi ubaki kwa ajili ya karamu.

Mengine ni mepesi. Maji ya kunywa, lita 3 hadi 4 kwa kila mtu kwa siku, na hayo ni ya kunywa tu. Ufuo wa Shela una urefu wa kama kilomita 12 na hauna kivuli. Watu huanza kutembea asubuhi wakicheka, na mchana wakarudi wanayumba. Simu ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, na moja iwe imezimwa ili betri ibaki. Tochi, firimbi, kisu, dawa ya chumvi na sukari ya kuharisha, nguo moja kavu kwa kila mtoto. Na ndani ya chombo, kabla hamjang'oa nanga, tazama: pana kitu cha kufulia maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje? Pana nanga yenye kamba ndefu? Pana makasia, hata kama mashine ni mpya? Mkondo ukikuvuta kutoka ufuoni unapoogelea, usipigane nao kurudi moja kwa moja. Ogelea kandokando na ufuo hadi mkondo uishe, ndipo uelekee nchi kavu.

Sasa dhoruba. Zile zinazowakamata watu wetu si kusi, kwa sababu kusi linaonekana tangu asubuhi na kila mtu analijua. Zinazowakamata ni zile za Aprili pepo zinapogeuka, na za vuli, Oktoba hadi Desemba. Asubuhi kweupe, joto la kukaba koo, upepo hakuna. Mchana wingu jeusi linasimama upande wa bara. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini dalili ya dhoruba ni zaidi ya wingu: tazama ukingo wake wa chini, ukiwa umenyooka mweusi na chini yake pana weupe wa mvua, na tazama tanga linapolegea ghafla. Kisha hewa baridi inakupiga usoni. Ukisikia baridi hiyo, umebakiwa na dakika chache tu.

Tanga hutuliwa kabla ya hapo, si baada ya hapo. Foromali la jahazi, ule mti unaobeba tanga, ni zito, na upepo ukishalijaza tanga, hata watu watatu kwenye henza, kamba ya kulipandishia na kulitulia, hawalitui. Kwa hiyo nahodha akisema "tua" na jua bado linawaka, msimshangae. Abiria wote washuke chini, wakae sakafuni mwa mashua katikati, wasihamie upande mmoja kutazama. Watoto wakae katikati ya watu wazima. Omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ielekezwe kwenye mawimbi, au, kama mkoko uko karibu, ingieni nyuma yake upande uliokingwa na upepo, mtie nanga, mngoje. Dhoruba za namna hii mara nyingi hupita ndani ya saa moja. Mikoko yetu imewaficha mabaharia wengi mno, na kila ninapoona pahali pamekatwa pakawa peupe, naona kimbilio moja limepungua.

Radi ndiyo inayonitia hofu kuliko upepo. Katikati ya maji, mlingoti wako ndio mrefu kuliko vyote. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, gawanya kwa tatu, utapata kilomita. Ikiwa ni sekunde 30 au chini yake, radi imo ndani ya kilomita 10 na inaweza kukufikia. Kama uko nchi kavu, ingia ndani ya nyumba, na ukae huko hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kama uko kwenye mashua na pwani iko mbali, kaa chini, jitenge na mlingoti na kamba zake na kila chuma, usitie mikono majini. Ufuoni Shela, teremkeni kutoka juu ya milima ya mchanga mara moja. Usijikinge chini ya mnazi ulio peke yake, wala chini ya mbuyu. Banda la makuti lililo wazi pande zote hukukinga na mvua tu, si na radi.

Watu huniuliza pia kuhusu vimbunga, hasa tangu kile cha Hidaya cha mwaka 2024. Lamu iko karibu na ikweta, nyuzi 2 na kidogo upande wa kusini. Kimbunga huhitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili kianze kuzunguka, na msukumo huo karibu na ikweta ni dhaifu, ndiyo maana vimbunga hutuzunguka kwa mbali. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Novemba 2020 Gati ilipiga kaskazini mwa Somalia. Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia tarehe 4, na huku kwetu Idara ya Hali ya Hewa ikatoa onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa pwani nzima. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba "vimbunga ni vya watu wa kusini". Kitovu chaweza kuwa mbali na mawimbi yakakufikia hapo hapo ulipo. Onyo la idara likitaja upepo unaozidi noti 25, hizo ni kama kilomita 46 kwa saa, na kwa mashua ndogo za wazi hapo hapana mjadala: hakuna kutoka nje ya mlango. Taarifa hizo hutolewa bure na redio zetu za pwani huzisoma. Zisikilizeni jioni, na tena alfajiri kabla ya kuondoka, kwa maana hubadilika.

Kwa nyumba, kazi ni ya mwezi wa Machi, kabla ya mvua za mwaka, yaani masika. Panda darini ukiwa na mtu wa kukushikia ngazi. Makuti yaliyolegea yafungwe, mabati yaliyoinuka pembe yapigiliwe, na yale mawe na mbao mnazoweka juu "kuzuia" mabati yashushwe, kwa sababu upepo ukizidi ndiyo yanayomwangukia jirani kichochoroni. Zibua mifereji ya mtaa wenu pamoja na majirani, siku moja ya Jumapili inatosha. Mji wetu una mteremko, na maji yote ya juu hutafuta njia ya kwenda ukutani pwani. Yakikuta taka, huingia majumbani. Vichochoro vikijaa usivipite gizani bila fimbo, mifereji haionekani chini ya maji. Punda wasifungwe mahali pa chini. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na hati za nyumba viwe ndani ya mfuko mmoja wa nailoni, mahali ambapo hata mtoto wa nyumbani anapajua. Wenye jabia, birika la kukingia maji ya mvua, huko Faza na Kizingitini, wanajua wenyewe kulifagia kabla ya mvua ya kwanza. Wenye visima vya mjini, maji yakishafurika mtaani yachemsheni hata kama hayajabadilika rangi. Kipindupindu huanzia hapo.

Na mwenye mashua, wakati wa onyo usiitegemee nanga moja. Toa mashine uilaze nyumbani, ingiza chombo kwenye kijito cha mikoko, nanga mbili, kamba ziwe ndefu kwa sababu bamvua ikikutana na upepo maji hupanda kuliko ulivyozoea.

Kwa wageni wanaokuja kwa gari, safari yenu ya baharini huanza Garsen. Mwishoni mwa 2023, kwenye mvua za El Niño, maji ya mto Tana yalifunika barabara maeneo ya Gamba na Lango la Simba, na mabasi yakakwama. Mvua zikiwa kubwa huko milimani, mto hufurika siku kadhaa baadaye hata kama kwetu jua linawaka. Pigeni simu ofisi ya basi siku hiyo hiyo, si wiki moja kabla. Mkikuta maji yanapita juu ya lami, teremkeni mngoje. Maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, humwangusha mtu mzima, na sentimita 60 huchukua gari.

La mwisho ni la mtu anayebaki nyumbani. Mwachie maandishi, si maneno: jina la mashua, nambari ya nahodha, watu wangapi na watoto wangapi, mnapita njia ya ndani au ya bahari ya wazi, mnarudi saa ngapi. Mkubaliane kwamba Isha ikiadhiniwa bila habari, yeye anaanza kupiga simu, kwanza kwa nahodha, kisha kwa manahodha wengine walio gatini, kwa maana hao ndio watakaowahi kufika, kisha 999 au 112, na Msalaba Mwekundu kwa 1199, ambayo ni bure. Akipiga, aseme mara ya mwisho mlionekana wapi, na maji wakati huo yalikuwa yanajaa au yanapwa, ili wanaotoka kuwatafuta wajue waanze upande gani.